Utanibatiza Tena?

Mtu akiniambia kwamba kanisa lake ndilo la kweli peke yake duniani, sikimbilii kubishana naye kwa aya. Aya anazo, tena kazipanga vizuri kuliko mimi: Mathayo 16:18, Waefeso 4:5, na mara nyingi kuna moja ya Ufunuo. Namuuliza kitu kimoja tu. Mimi nimeshabatizwa kwingine. Nikija kwenu kesho, mtanibatiza tena?

Nafundisha historia ya Kanisa, na sijapata swali linalofichua mambo haraka kama hili. Kwenye vitabu vyake kila kanisa linaweza kujiandikia sifa litakazo. Majini maneno hayasaidii: ama unazamishwa upya, ama unaambiwa huo ulio nao unatosha. Wakikuzamisha upya, wameamua kwamba siku ile ya kwanza ulioga tu. Wasipokuzamisha, wamekiri kwamba kazi ya Kristo ilifanyika mahali ambapo, kwa madai yao wenyewe, Kristo hana kanisa.

Ila swali lenyewe linahitaji kunyooshwa kwanza. Mbatisti wa kawaida atambatiza upya mtu aliyenyunyiziwa maji akiwa mtoto mchanga, na hafanyi hivyo kwa sababu anadhani yeye peke yake ndiye kanisa. Kwake kumnyunyizia mtoto si ubatizo, popote ulipofanyika. Kwa hiyo mimi huliuliza hivi: tuseme nilikuwa mtu mzima, nikatubu, nikazamishwa mwili mzima kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, ila aliyenizamisha hakuwa mchungaji wenu. Je? Hapo ndipo tunaachana na suala la ubatizo ni nini, tunaingia suala la nani mwenye mamlaka ya kuutoa. Madai ya "sisi pekee" yanaishi katika suala hili la pili.

Miongoni mwa wa kwanza kulijibu kwa ukali ni Sipriani, askofu wa Karthago katika karne ya 3. Ndiye aliyetuachia ile kauli ambayo kila mtu huitaja, kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Wachache hukumbuka aliiandika akigombania nini. Mwaka 251 kule Roma padri mmoja, Novatiani, alijitenga na kujifanya askofu mpinzani, na wafuasi wake wakawa wanabatiza watu. Baadhi ya waliobatizwa huko walitaka kurudi. Wapokelewe vipi? Sipriani akasema wabatizwe, kwa kuwa hawajawahi kubatizwa. Aliye nje hana Roho, atampaje mwenzake asichokuwa nacho? Stefano, askofu wa Roma, akakataa: wawekewe mikono kwa toba, basi.

Ukifuata mantiki tu, Sipriani hana ufa. Nje hakuna wokovu, kwa hiyo nje hakuna ubatizo. Lakini mwaka 314 sinodi ya Arles iliwaambia Waafrika waache desturi hiyo: mtu aliyebatizwa kwa jina la Utatu asibatizwe tena. Sipriani akabaki mtakatifu na shahidi, maana aliuawa kwa imani mwaka 258, na kauli yake ikazunguka dunia nzima. Hoja iliyoizaa ndiyo iliyotupwa. Nikiwa darasani huwa nasimama hapa kidogo, kwa sababu wanafunzi hawaamini mara ya kwanza: maneno maarufu kuliko yote ya "sisi pekee" yaliandikwa kutetea msimamo ambao kanisa lililoyarithi liliukataa.

Wadonati waliushika msimamo huo. Katika mateso ya Kaisari Diokletiani dhidi ya Wakristo, yaliyoanza mwaka 303, baadhi ya viongozi walikabidhi Maandiko kwa askari ili waokoe roho zao. Wengine wa Afrika Kaskazini, ndio hao Wadonati, wakasema askofu mpya wa Karthago amewekwa wakfu na msaliti wa namna hiyo, kwa hiyo uaskofu wake hauna kitu, na yeyote duniani anayeshirikiana naye amechafuka. Hivyo Kanisa la kweli likabaki kwao tu, kwenye kona moja ya Afrika. Wengine wote waliojiunga nao walibatizwa upya.

Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini hiyo hiyo, aliwajibu kwa dhihaka katika mahubiri yake ya Zaburi: mawingu yananguruma kwamba nyumba ya Mungu inajengwa duniani kote, nao vyura wamekaa bwawani wanalia, Wakristo ni sisi peke yetu. Vyura wanachekesha, lakini pigo lenyewe lilitoka kwingine. Wadonati nao waligawanyika. Kundi la Maksimiani lilijitenga, na mwaka 394 mkutano wa maaskofu wao 310 kule Bagai ukalilaani kwa maneno mazito. Baadaye maaskofu wawili wa kundi lile wakarudi, pamoja na watu waliowabatiza wakiwa huko nje. Walibatizwa tena? Hapana. Walipokelewa hivyo hivyo walivyo. Agostino hakuchoka kulitaja jambo hili. Mnawabatiza upya Wakristo wa dunia nzima, lakini ubatizo wa mtu mliyemlaani wenyewe mnauheshimu, kwa kuwa ni ndugu yenu na mlitaka arudi.

(Naipenda hoja ya Agostino. Siipendi fimbo iliyofuata. Baada ya mjadala wa Karthago wa mwaka 411, serikali iliwalazimisha Wadonati kwa sheria na faini, naye akaliunga mkono jambo hilo.)

Tangu niliposoma kisa cha wale maaskofu wawili, nikikutana na kanisa linalodai kuwa peke yake huwa natafuta mlango wake wa uani, pale linapompokea aliyebatizwa nje bila kumbatiza tena. Karibu kila mara upo.

Waorthodoksi, kwa mfano, wanaamini kwa dhati kwamba wao ndio Kanisa lile moja la Kanuni ya Imani. Wala si majigambo ya jana; wana maaskofu, liturujia na mababa wa kuonyesha. Lakini mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Moscow wa 1666 na 1667 uliamua Wakatoliki wanaojiunga wasibatizwe tena. Mwaka 1755 Patriarki wa Konstantinopoli akaamuru wabatizwe. Kanisa ni lile lile, imani ile ile. Mkatoliki aliyeingilia mlango wa kaskazini alikuwa ameshabatizwa; aliyeingilia mlango wa kusini, kwa ubatizo ule ule, hakuwa amebatizwa kabisa. Wanateolojia wao wana maelezo: katika upole Kanisa linaweza kukijaza kilichokuwa kitupu. Maelezo haya yana uzito wake, siyabezi. Ila nikikaa na watu wawili hao kichwani, mmoja wa kaskazini na mmoja wa kusini, nashindwa kuona kilichojazwa ni nini.

Kwa Wakatoliki mlango wa uani uligeuka kuwa mlango wa mbele. Mtaguso wa Firenze mwaka 1442 uliandika bila kumung'unya kwamba wapagani, Wayahudi, wazushi na waliojitenga wataingia moto wa milele wasipojiunga na Kanisa kabla ya kufa. Karne 5 baadaye, kule Boston, padri Leonard Feeney aliyafundisha maneno hayo kama yalivyo, bila kupunguza nukta. Mwaka 1949 Roma ikaandika barua kusema sivyo yanavyoeleweka, na mwaka 1953 Feeney akatengwa na Kanisa. Rasmi kosa lake lilikuwa kukataa kuitika wito wa kwenda Roma. Hata hivyo mtu anayefukuzwa nje wakati anahubiri kwamba nje hakuna wokovu ni kisa ambacho mtunzi wa vichekesho asingethubutu kukibuni. Mwaka 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukachagua kitenzi kipya. Haukuandika kwamba Kanisa la Kristo "ni" Kanisa Katoliki. Uliandika kwamba "linadumu katika" Kanisa Katoliki, na kwamba nje ya muundo wake unaoonekana kuna mambo mengi ya utakatifu na kweli. Kitenzi kimoja hicho bado kinabishaniwa.

Sasa nije kwa wale wasio na maaskofu wa kale wa kuonyesha. Hao nao wana mchoro wa ukoo wa Kanisa la kweli.

Mmoja aliuleta kwangu umekunjwa mara nne ndani ya Biblia. Akaufungua juu ya meza, na kona moja ikabidi niishikilie kwa kikombe. Mstari mwekundu ulianzia Yerusalemu mwaka 33, ukapita kwa Wamontano, Wanovatiani, Wadonati, Wapaulisiani, Wakathari, Wawaldo na Waanabatisti, mpaka kwenye kanisa lake. Roma ilichorwa pembeni kwa wino mweusi. Nikamwomba aweke kidole kwenye mwaka 1200. Kikatua juu ya Wakathari. Nikamuuliza kama anajua walifundisha nini. Alijua waliuawa na Roma, na hilo ni kweli kabisa. Vita vya msalaba dhidi yao vilianza mwaka 1209. Hakujua kwamba wengi wao walifundisha ulimwengu huu wa mwili ni kazi ya nguvu ya uovu, na kwamba ubatizo wa maji waliudharau, wakabatiza kwa kuweka mikono tu. Kidole hakikuondoka, lakini hakuongea kwa muda. Angeishi mwaka 1200, kanisa lake lisingempokea babu yake huyo wa kiroho bila kumbatiza, na babu yake angeyaona yale maji kuwa uchafu.

Mchoro wa aina hiyo ulienea sana kutokana na kijitabu cha mwaka 1931, lakini wazo lenyewe ni la Wabatisti wa kusini mwa Marekani wa karne ya 19, waliomfuata James Robinson Graves tangu mkutano wa Cotton Grove mwaka 1851. Hao swali langu walilijibu bila kupepesa macho: hata ukizamishwa mtu mzima, kama aliyekuzamisha si Mbatisti, rudi majini. Nawaheshimu kwa kunyooka. Wabatisti wengine wengi waliwakatalia.

Wapo wanaosema mstari haukuendelea. Ulikatika, Kanisa likapotea, kisha likarejeshwa. Joseph Smith, mwanzilishi wa Wamormoni, alianzisha lake tarehe 6 Aprili 1830 kwa msingi huo. Alipouawa mwaka 1844 walitokea warithi kadhaa, kila mmoja akiwa na urejesho wa pekee, na kila mmoja akiwatazama wenzake kama waasi wapya. Walikuwako pia wahubiri wa Marekani Alexander Campbell na Barton Stone, ambao wafuasi wao waliungana Lexington, Kentucky, mwaka 1832. Walitaka kuzika majina yote ya madhehebu, na msemo wao ulikuwa mzuri: sisi ni Wakristo tu, si Wakristo pekee. Kufikia sensa ya dini ya Marekani ya mwaka 1906, vuguvugu hilo la umoja lilihesabiwa kama makundi mawili. Yaliyowagawa ni pamoja na vinanda ibadani na vyama vya misheni.

Kwa baadhi ya warithi wao, nusu ya pili ya msemo ule ilidondoka njiani, na jina la kanisa likawa alama ya ukweli. Warumi 16:16 inasema "Makanisa yote ya Kristo yawasalimu", kwa hiyo kanisa lenye jina hilo ndilo. Paulo huyo huyo anawaandikia "kanisa la Mungu lililoko Korintho". Kwake hayo si majina ya ubaoni, ni salamu tu. Na pale Korintho palikuwa na wanaosema mimi ni wa Paulo, mimi wa Apolo, mimi wa Kefa. Lipo na kundi la nne, ambalo watu hulisahau: "na mimi wa Kristo." Amewaweka kwenye orodha ile ile ya wagomvi.

Watu hunijibu kwa neno la Yesu: "Mtu asiyekuwa pamoja nami yu kinyume changu." Ni neno lake kweli. Ila litazame kiambishi. Nami. Changu. Kipimo ni Yesu mwenyewe. Katika Marko 9 Yohana anakuja na taarifa kwamba wamemkuta mtu akitoa pepo kwa jina la Yesu, wakamkataza. Kwa nini? "Kwa sababu hafuatani nasi." Hakusema hafuatani nawe. Silabi moja tu, na kipimo kimeshahamia mikononi mwa wanafunzi. Yesu anasema msimkataze, halafu anaongeza habari ya mtu atakayewanywesha kikombe cha maji, kwamba hatakosa thawabu yake. Maji ya kunywa, si ya kubatizia. Marko hatuambii yule mtoa pepo alikuwa nani, wala alibatizwa na nani.