Skizofrenia na ugumu wa kufikiri: nini kinatokea ubongoni

Mtu akiugua skizofrenia, watu wa nyumbani huona kwanza yale yanayotisha: anasikia sauti zisizosikika na wengine, anaamini jirani anamfanyia njama. Upande mwengine wa maradhi haya hauna kelele. Akili hupunguza kasi, umakini hutawanyika, jambo aliloambiwa sasa hivi halikai, na kupanga shughuli toka mwanzo hadi mwisho huwa mzigo. Madaktari huuita udhaifu wa utambuzi. Mara nyingi huanza kabla ya sauti, kijana akiwa bado skuli, na hubaki hata dawa zikishazituliza sauti. Huu ndio unaowazuia wengi kurudi kazini, na ndio tunaouzungumza kidogo kuliko yote.

Mwambie kijana wa namna hiyo: "Mwanangu, nenda Darajani, lete changu wawili, ndimu na nazi, ukirudi mpitie shangazi yako umwambie nguo yake tayari." Atanunua changu, kisha atasimama pale pale sokoni, hajui kilichofuata. Akirudi ataitwa mvivu, au ataambiwa hasikii. Kumbe kushika mambo manne kichwani huku unaitikia salamu na kupisha vespa ni kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Seli za huko zinatakiwa ziendelee kupeana ishara kwa sekunde kadhaa baada ya maneno kwisha kusemwa. Zikinyamaza, agizo limepotea.

Kwa nini zinyamaze? Maelezo yenye nguvu yanahusu glutamati, kemikali inayoziamsha seli, na vipokezi vyake, yaani sehemu za seli zinazoipokea, viitwavyo NMDA, ambavyo katika skizofrenia vinaonekana kufanya kazi pungufu. Ketamini, dawa ya usingizi ya chumba cha upasuaji, huviziba vipokezi hivyo hivyo. Mtu mwenye afya akipewa kiasi kidogo, kumbukumbu yake huyumba na fikra humvurugika, kisha hurudi sawa dawa ikimtoka mwilini.

Upungufu huo wa vipokezi unazifikia pia seli ndogo zinazotumia kemikali ya GABA, ambazo kazi yao ni kuzituliza nyenzake kwa zamu. Aliyewahi kutazama maulidi ya homu anajua jinsi safu nzima inavyoinama na kuinuka pamoja kwa kufuata dufu. Dufu likikosea, kila mmoja huenda upande wake. Seli hizi ndizo zinazoshika mapigo hayo ubongoni, kati ya 30 na 80 kwa sekunde, yaitwayo mawimbi ya gama. Kwa wagonjwa wengi mawimbi hayo ni dhaifu pale kazi ya kufikiri inapokuwa nzito.

Viungio baina ya seli navyo ni vichache. Ubongo wa kila kijana hupunguza viungio visivyohitajika, lakini hapa huenda upunguzaji unapita kiasi: mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliihusisha hatari ya skizofrenia na jeni la C4, linaloshiriki katika kazi hiyo.

Dopamini, kemikali nyengine ya ubongo, ndiyo inayotajwa zaidi. Ndani kabisa ya ubongo huzidi, na huko ndiko zinakotoka sauti na dhana potofu. Katika sehemu ya mbele inaaminika kuwa hupungua. Dawa nyingi, tangu klopromazini ya mwaka 1952, huzuia kazi ya dopamini iliyozidi. Zinasaidia sana, wala asiziache mtu, ila hazirudishi iliyopungua. Ndiyo maana jamaa husema "sauti zimekwisha, lakini hajawa yule."

Kuna jambo moja la kumuuliza daktari, iwe Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Zanzibar, au kliniki ya karibu. Wagonjwa wengi hupewa pia Artane ili kuondoa mtetemeko na kukakamaa kunakoletwa na dawa zenyewe. Artane huizuia kemikali ambayo kumbukumbu inaihitaji, hivyo usahaulifu unaweza kuzidi. Usiikatize mwenyewe; muulize kama bado inahitajika, na kwa kiasi gani. Na nyumbani, mpeni agizo moja moja, au mwandikieni kikaratasi cha kwenda nacho sokoni.