Je, wajua kwa nini kurasa huvurugika ukihamia programu nyingine?

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuja dukani kwetu, hapa Tabora, akiwa na flashi mkononi. Ndani yake kulikuwa na kijitabu cha nyimbo cha kurasa 32, kilichopangwa miaka iliyopita kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. Alitaka tubadilishe beti tatu na kumchapia nakala nyingine. Sisi tulikuwa tumeshahamia Scribus, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Tukalifungua faili, na kurasa zikawa 33.

"Mwanangu, mimi sijaongeza hata neno," aliniambia, na alisema kweli. Tatizo ni kwamba kijitabu cha kukunjwa na kupigwa pini katikati huenda kwa kurasa nne nne. Karatasi 8 za A4 zinatoa kurasa 32 za A5. Ukurasa wa 33 unadai karatasi ya tisa, na nyuma yake kurasa tatu tupu. Mistari miwili tu iliyofurika ilitaka kumwongezea mzee wa watu gharama kwenye kila nakala.

Wateja wengi huamini kwamba faili ni picha ya ukurasa. Kumbe ni maagizo: weka fremu hapa, jaza maneno haya, tumia fonti (mtindo wa herufi) fulani ya ukubwa wa pointi 11, nyoosha mistari kushoto na kulia. Mstari uishie wapi, hilo programu huliamua yenyewe. Wape mafundi cherehani wawili vipimo vilevile na kitambaa kilekile. Magauni yatafanana, lakini mishono haitakaa mahali pamoja.

Chanzo cha kwanza ni fonti. Mara nyingi faili hubeba jina la fonti tu, fonti yenyewe ikabaki kwenye kompyuta ya zamani. Programu ikiikosa, huchukua nyingine inayokaribiana nayo. Tuseme hiyo nyingine ina herufi pana zaidi kwa asilimia 1. Jicho halioni kitu. Lakini kwenye mstari wa herufi 60, hiyo ni zaidi ya nusu herufi, na kama neno la mwisho lilikuwa limebanwa ukingoni, linashuka. Likishuka, linasukuma mstari wa chini, nao unasukuma unaofuata, hadi mwisho wa aya.

Hata fonti ikiwa ileile, programu hazivunji aya kwa namna moja. Zipo zinazojaza mstari mmoja, zikaufunga, zikaenda wa pili bila kugeuka nyuma. InDesign, programu ya kupanga kurasa ya kampuni ya Adobe iliyotoka mwaka 1999, inaweza kupima aya nzima kwanza ndipo iamue mistari yote kwa pamoja, ili nafasi kati ya maneno zisipishane sana. Njia ya namna hiyo ilielezwa na wataalamu wa kompyuta Donald Knuth na Michael Plass mwaka 1981.

Lililonigusa zaidi kwenye kijitabu kile ni ukataji wa maneno mwishoni mwa mstari. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: ki-ta-bu, Mwe-nye-zi. Programu ilikuwa imewekewa Kiingereza, hivyo nikakuta "Mwen-" mwisho wa mstari na "yezi" mwanzo wa mstari wa chini. Mwanakwaya akikutana na hilo katikati ya wimbo, ulimi unajikwaa. Kosa hili si dogo kwangu, maana msomaji wa Kiswahili anastahili neno lake likatwe kwa Kiswahili. Kama programu haina kanuni za lugha yetu, zima kabisa ukataji, au kata mwenyewe kwa mkono.

Lakini kwa nini programu hizi zisisomane tu? Kwa sababu kila kampuni ilibuni aina yake ya faili. InDesign ilipoingia sokoni iliwakuta wachapishaji wakiwa na kazi zao kwenye programu zilizoitangulia, QuarkXPress na PageMaker, ikapewa uwezo wa kufungua baadhi ya mafaili ya zote mbili. PageMaker ilikuwa tayari mikononi mwa Adobe, walioinunua kampuni ya Aldus, iliyoitengeneza, mwaka 1994. Mafaili ya Publisher yalibaki fumbo hadi watu wengine walipoyachambua wenyewe. LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi, huyafungua tangu mwaka 2013. Yanafunguka, ila mishono inahama, kama tulivyoona.

Ndiyo maana nawahimiza wenye stesheneri wasilale. Microsoft walitangaza kwamba Publisher inafikia mwisho wake Oktoba 2026, na baada ya hapo wanaoilipia kupitia Microsoft 365 hawataweza tena kufungua mafaili yao kwa programu hiyo. Kadi za mchango, vitabu vya risiti, ratiba za ibada: kuna maduka yenye kazi za miaka mingi humo.

Sisi tulirudi kwenye kompyuta ya zamani yenye Publisher na kutoa vitu viwili kwa kila kazi. Kwanza PDF, kwa sababu ndani yake kila herufi imeshapewa mahali pake. Fonti zikiwekwa humo humo, mistari haihami popote utakapoifungua. Ubaya wake ni kwamba kuihariri ni taabu. Kwa hiyo cha pili ni maneno matupu, bila mapambo, ya kumwagwa kwenye kurasa mpya. Kazi ambazo hazitarudiwa tuliziacha kwenye PDF basi. Kuzipanga upya zote ni kujichosha bure.

Kijitabu cha mwalimu tulikipanga upya. Tulisakinisha fonti yake ya awali, tukazima ukataji, kisha nikachapa ukurasa mmoja kutoka kwenye PDF ya zamani na uleule kutoka Scribus. Nikaziweka karatasi mbili pamoja, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa kali. Mistari ililingana hadi ubeti wa nne, ndipo herufi zikaanza kuwa na vivuli. Nafasi kati ya beti ilikuwa pana kwa pointi moja. Nikaipunguza, na kurasa zikarudi 32.