Emmy Hennings hakuwa "demu wa Hugo Ball" tu

Kuna hii stori inarudiwa kila Dada (ile harakati ya sanaa iliyoanzia Uswisi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia) ikitajwa, kwamba mwandishi Mjerumani Hugo Ball alifungua Cabaret Voltaire, kabareti yaani ukumbi wa burudani za usiku, pale Zurich halafu Emmy Hennings akawa mpenzi wake anayeimba imba pembeni. Hapana jamani, siyo hivyo, na inaniuma kweli.

Emmy alizaliwa Flensburg, Ujerumani, 1885, na kabla hata hajamjua Ball alishazunguka na vikundi vya maigizo, anaigiza, anaimba, Munich wanamjua kwenye kabareti ya Simplicissimus, na 1913 kashatoa kitabu cha mashairi. Kwa hiyo walipohamia Uswisi 1915 vita imepamba moto, yeye ndo alikuwa na uzoefu wa jukwaa wa miaka mingi. Tarehe 5 Februari 1916 wakafungua ukumbi huo wa Cabaret Voltaire mtaa wa Spiegelgasse namba 1, waanzilishi ni wawili, Emmy na Ball. Usiku mmoja unamkuta anaimba nyimbo za mtaani, mara anasoma mashairi yake, tena vikaragosi alitengeneza mwenyewe kwa mikono yake! Gazeti la Zürcher Post la wakati huo lilimwita yeye nyota wa kabareti ile, siyo Ball.

Na ndoa yenyewe walifunga 1920, miaka minne baadaye. Alishawahi kufungwa jela pia, akaandika riwaya kuhusu hayo mwaka 1919, na aliendelea kuandika hata baada ya Ball kufariki 1927, mpaka yeye mwenyewe alipofariki 1948.