Lord wa kurithi ni mmoja tu katika nyumba

Nimechoka kusikia ukoo mzima ukiitwa malodi kwa sababu tu baba mwenye nyumba ni Lord. Lord wa kurithi ni yule anayeshika cheo cha kurithishwa, kimojawapo kati ya vyeo vitano vya Uingereza: duke, marquess, earl, viscount au baron. Basi.

Watu hukosea wakifika kwenye familia. Kisheria cheo ni cha mtu mmoja, yule anayekishika kwa wakati huo. Watoto wake, hata kifungua mimba anayekingoja, ni raia wa kawaida mpaka baba afariki, ingawa kwa heshima wengine huitwa majina makubwa tangu utotoni. Wala cheo si shamba. Hakigawanywi, hakiuzwi, na hakuna wosia unaoweza kukihamisha. Hufuata hati ya Mfalme iliyokiunda, ambayo kwa kawaida huwataja wazao wa kiume.

Tazama yaliyompata Tony Benn, mwanasiasa wa Uingereza. Baba yake alipewa cheo cha Viscount Stansgate mwaka 1942. Kaka yake mkubwa alikufa vitani mwaka 1944, zamu ikawa yake. Aliingia Bunge la Makabwela (House of Commons, la wabunge wa kuchaguliwa, ambamo wakati huo Lord hakuruhusiwa kukaa) mwaka 1950 bila kizuizi, kwa kuwa hakuwa Lord bado. Baba alipofariki Novemba 1960, cheo kikamwangukia papo hapo bila yeye kukitaka, na kiti cha ubunge kikamponyoka. Mwaka 1961 alishinda uchaguzi mdogo, lakini mahakama ikampa kiti mpinzani aliyeshindwa. Alipambana mpaka sheria ya 1963 ikaruhusu mrithi kukikana cheo, naye akakikana siku ileile ilipoanza kutumika.

Hata kukikana hakukukiua. Kulimhusu yeye peke yake, kwa uhai wake. Alipofariki Machi 2014, cheo kilichokuwa kimelala kwa zaidi ya miaka 50 kilimwendea mwanawe mkubwa, Stephen, ambaye sasa ndiye Viscount Stansgate. Mdogo wake Stephen, Hilary Benn, baba mmoja mama mmoja, alibaki mbunge wa kuchaguliwa na wananchi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimtaja Hilary, Bwana Benn yatosha. Lord Stansgate ni kaka yake.