Nyekundu haiambukizi nyeupe

Hapa Dodoma nimeshaambiwa zaidi ya mara moja: usipande amarilisi (ua linaloota kwenye tunguu) nyekundu karibu na nyeupe, nyeupe itageuka. Si kweli. Chavua ya jirani, hata ikiletwa na nyuki, huathiri mbegu tu. Ua la mama halibadiliki, na matunguu madogo yanayozaliwa ubavuni mwake ni nakala yake kamili. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba nyekundu imezaana ikaibana nyeupe mpaka ikaacha kuchanua.

Mchanganyiko uko kwenye mbegu. Kwenye ua jekundu linalofunguka, ng'oa stameni, vijiti vya kiume vyenye chavua, kabla hazijaimwaga. Stigma, ncha ya kike katikati ya ua, ikianza kunata, ipake chavua ya nyeupe. Baada ya wiki kadhaa kifuko hupasuka, mbegu zake nyeusi, bapa, nyepesi kama karatasi iliyoungua. Usizihifadhi, hazikai. Ziache zielee kwenye bakuli la maji, zitachipua humo humo.

Pinki? Labda. Ndugu wa kifuko kimoja hutofautiana kama watoto wa nyumba moja, na ua la kwanza hungojewa miaka 2 hadi 4. Miche iwekee kivuli; jua la Oktoba hapa kwetu mnalijua.