Aidoru: mwimbaji anayekua mbele ya macho ya watu

Ukitafuta asili ya neno "aidoru" kwenye kamusi ya Kiingereza, kwenye neno "idol", utaangukia kwenye sanamu ya kuabudiwa, na hapo utapotea njia. Wajapani walililea neno hili kwa namna yao. Lilienea mwaka 1964, filamu ya Kifaransa aliyoimba ndani yake Sylvie Vartan ilipooneshwa Japani kwa jina lenye maana ya "mtafute aidoru". Miaka michache baadaye lilikuwa limeshakuwa jina la kazi: kijana, mara nyingi msichana, anayeimba, anayeigiza, anayetabasamu kwenye matangazo ya biashara, na anayependwa na watu kama mtoto wa jirani yao.

Mwimbaji wa kawaida tunamsifu kwa sauti. Aidoru anaweza kuwa na sauti ya wastani tu na bado akajaza ukumbi, maana shabiki alianza kumfuata tangu hajui hata kushika maikrofoni. Anamwona akikosea, akizoea, akikomaa. Kukua kwake ndiko kunakouzwa. Na nyuma yake ipo jimusho, kampuni inayomsimamia, inayompangia nyimbo, nguo, ratiba ya siku nzima, na mara nyingi kumkataza asiwe na mpenzi.

Kwangu mimi, anayeifafanua dhana hii kuliko maelezo yoyote ni Momoe Yamaguchi, aidoru wa miaka ya 1970.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1959, akakulia Yokosuka, mji wa bandari wenye kambi ya jeshi la majini la Marekani. Mama yake ndiye aliyewalea yeye na mdogo wake, na maisha yalikuwa ya kubana. Mwaka 1972, akiwa na miaka 13, alijitokeza kwenye "Star Tanjō!", shindano la televisheni la kusaka vipaji. Mshiriki aliyefika fainali alisimama jukwaani huku mawakala wa kampuni wamekaa mbele yake, na kila aliyemtaka alinyanyua bango lenye jina la kampuni yake. Hebu fikiria mtoto wa shule amesimama pale akihesabu mabango.

Wimbo wake wa kwanza, Mei 1973, haukufika mbali. Wa pili ndio uliomtoa, na hapa pananiuma kila nikipafikiria. Mashairi yaliandikwa na watu wazima, yakidokeza mambo ya chumbani, kisha yakawekwa kinywani mwa msichana wa miaka 14. Mwaka uliofuata ukaja mwingine wa aina hiyohiyo, unaozungumzia kutoa kitu chenye thamani kuliko vyote alivyo navyo msichana. Waandishi wa habari wakawa wanamuuliza makusudi: kitu hicho ni kipi? Akawajibu kwa neno moja, "magokoro". Moyo wa kweli. Waliomtegea mtego waliondoka mikono mitupu.

Kuanzia hapo sura yake ikabadilika. Mwaka 1976 alipata wimbo wa Yokosuka, mji wake mwenyewe, uliotungwa na mume na mke, Ryudo Uzaki na Yoko Aki, watunzi ambao yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kufanya nao kazi. Kwa aidoru kuchagua mtunzi lilikuwa jambo kubwa. Nyimbo walizompa zilikuwa za mwanamke anayejibu, anayekasirika, anayeshika usukani. Wa mwaka 1978 unamtaja dereva wa kike ndani ya Porsche nyekundu. Shirika la utangazaji la NHK haliruhusu majina ya biashara, kwa hiyo kuna wakati alipouimba huko Porsche iligeuka kuwa "gari jekundu" tu.

Oktoba 1979, jukwaani Osaka, aliwaambia mashabiki kwamba ana mtu anayempenda, na akamtaja: Tomokazu Miura, mwigizaji aliyecheza naye filamu tangu 1974. Hakusubiri kampuni imsemee. Miezi michache baadaye akatangaza kwamba anaolewa na anaacha kazi. Wakati huo alikuwa na miaka 21 tu, na jina lake lilikuwa linavuma nchi nzima. Wahenga walishasema ngoma ikivuma sana hupasuka. Yeye aliitua chini ingali nzima.

Onyesho la mwisho lilifanyika tarehe 5 Oktoba 1980, ukumbi wa Nippon Budokan, Tokyo. Jina la wimbo wa mwisho lina maana ya "ng'ambo ya kwaheri". Alipoumaliza aliinama sana, akainuka, kisha akaiweka maikrofoni yake nyeupe sakafuni katikati ya jukwaa, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akageuka, akaondoka.

Mwaka huohuo alianza Seiko Matsuda, aliyeshika kiti kilichoachwa wazi kwa nyimbo 24 mfululizo zilizofika namba moja. Mwaka 2005 likaja kundi la AKB48, lenye ukumbi wake mdogo Akihabara, mtaa wa Tokyo, ambako shabiki aliweza kumwona aidoru wake karibu kila siku, na baadaye hata kupanga foleni ili ashikane naye mkono. Siku hizi aidoru akiondoka kwenye kundi husemwa "amehitimu", kama mwanafunzi. Katazo la mapenzi bado lipo: mwaka 2013 msichana mmoja wa kundi hilo alinyoa nywele zote na kuomba radhi kwa video, huku akilia, baada ya jarida kuandika kwamba alilala kwa mwanamume. Mimi naliona katazo hilo ni la kikatili, na naamini Momoe alishalijibu pale Osaka.

Hakurudi kuimba. Mwaka 2019 jina lake lilionekana tena kwenye jalada la kitabu, na ndani yake mlikuwa na picha za vitambaa vya viraka alivyoshona mwenyewe kwa miaka mingi.