Kwa nini Wajerumani wanafungua madirisha wakati nje kuna baridi ya kufa mtu?

Hili swali nililijibu vibaya kwa miezi mitatu mizima, tena kwa kujiamini. Nilikuwa Leipzig, mashariki ya Ujerumani, mwanafunzi wa ualimu niliyeenda kufanyia sehemu ya TP, yaani mazoezi ya kufundisha, huko, nimepanga chumba kwenye nyumba ya watu wanne: mimi, Mjerumani mmoja, dada mmoja kutoka Georgia na kijana wa Kivietnamu. Jiko moja, bafu moja, ratiba ya usafi imebandikwa kwenye friji, chupa za kurudisha dukani zimejazana kwenye kona, Jumapili hakuna kelele. Hayo unazoea. Kilichonishinda ni asubuhi, saa moja, nje nyuzi sifuri, unasikia kaa! kaa! kaa! yule Mjerumani anapita anafungua madirisha ya jikoni na korido, wazi kabisa, halafu anasimama pale na kikombe cha kahawa utadhani yuko Coco Beach.

Nikajijibu kwamba hawa watu baridi hawaisikii, wamezaliwa nayo. Na kwa kuwa kodi yetu ilikuwa na hela ya kupasha joto ndani yake, nikajipa kazi ya kupita nyuma yake nafunga. Chumbani kwangu ndo kabisaa: blanketi nimelisokomeza chini ya mlango, dirisha sijaligusa tangu Novemba, nguo nikifua naanika humohumo kwenye stendi mbele ya hita. Hoja yangu ilikuwa na mantiki yake bwana. Nje kunanyesha, kumelowa, ukifungua dirisha unaingiza unyevu na unatupa joto unalolilipia. Nani anaanika nguo halafu anafungulia mvua?

Hata shuleni niliitetea. Kipindi changu cha pili cha Kiingereza, mtoto wa miaka kumi na mbili hivi akanyanyuka bila kuomba ruhusa akaenda kufungua dirisha, nikamwambia afunge arudi akae, darasa zima likanitazama kama nimemwambia ale chaki. Mwalimu mwenyeji akaniambia taratibu kwamba ni zamu yake, kuna zamu. Wana na neno lake, lüften, yaani kupitisha hewa, na lile la dakika tano wazi kabisa lina neno lake tena, Stoßlüften. Wakati wa korona, mwaka 2020, idara ya mazingira ya serikali yao ilizishauri shule zifungue madirisha kila baada ya dakika 20 katikati ya kipindi, baridi au si baridi. Lakini zoea lenyewe lina umri mkubwa kuliko korona.

Januari nikasogeza kabati kutafuta soksi, nyuma yake ukuta una madoa meusi kama mtu amepulizia masizi. Ukungu, ule wa kuota. Nikasema nyumba inavuja. Baba mwenye nyumba akaja, akaangalia dari, akaangalia ukuta, akaiangalia sana ile stendi ya nguo, akauliza swali moja tu: unafungua dirisha mara ngapi kwa siku?

Sasa hapa ndo penye utamu, na nakiri aibu kidogo maana mimi somo langu la pili ni Jiografia, haya mambo nimeshayaandika ubaoni kwa mkono wangu.

Kosa langu lilikuwa neno "kumelowa". Mimi nilidhani hewa ya siku ya mvua ina maji mengi kuliko hewa ya chumba kikavu chenye hita. Hesabu zinasema kinyume, tena kwa mbali. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inaweza kuwa na mvuke hadi gramu 17 hivi kabla haijaanza kutoa maji. Ya nyuzi sifuri mwisho wake ni kama gramu 5, hata iwe inanyesha theluji na ukungu umetanda mpaka huoni jengo la mbele.

Chukulia magari. Abiria kumi na wanne wakiingia kwenye kipanya, ile daladala ndogo, wamejaa, levo siti, wa kumi na tano hana pa kukaa. Wachukue haohao kumi na wanne uwahamishie kwenye basi kubwa la Mwanza, basi linaonekana tupu, konda anaanza kuita watu. Abiria hawajapungua hata mmoja, kilichobadilika ni gari. Hewa ya baridi ni kipanya. Kile kipimo cha unyevu wanachotangaza kwenye utabiri, asilimia 95 sijui asilimia 100, kinakwambia gari limejaa kiasi gani, hakikwambii lina abiria wangapi. Kwa hiyo Leipzig siku ya mvua, nje nyuzi 5, asilimia 100, hewa ina gramu kama 7 tu. Ikiingia ndani hita ikaipasha mpaka nyuzi 20, gramu ni zilezile 7 lakini sasa ziko kwenye basi kubwa, unyevu umeshuka hadi asilimia 40. Hewa kavu kabisa hiyo, ina kiu. Ukifungua dirisha mvua inanyesha nje, chumba kinakauka. Nimelirudia hili kwa watu wengi na bado kila nikilisema nasikia kama ninadanganya.

(Wa fizikia watanikunjia uso hapa, kwa sababu kusema hewa "inabeba" mvuke ni lugha ya njiani. Hata pasingekuwa na hewa kabisa, mvuke ungefika kikomo kilekile kwenye joto lilelile, kinachoamua ni joto. Kwa hiyo gari langu halipo, zipo siti tu. Lakini hesabu haibadiliki.)

Sasa mgeuze abiria upande wa pili. Hewa ya chumbani, nyuzi 20, imejaa nusu, inagusa ukuta wa baridi nyuma ya kabati. Pale pembeni hewa inapoa, basi linasinyaa linakuwa Coaster, linakuwa kipanya, abiria wanabanana, na ikishuka chini ya nyuzi 9 hivi wanaanza kumwagika mlangoni. Hao wanaomwagika ndo matone. Hiki kitu sisi watu wa joto tunakijua tangu utotoni, ni soda ya baridi inayotoka jasho mezani, na hakuna mtu Dar anayedhani soda imevuja kwenye chupa. Ila mimi nilipoona dirisha la Leipzig linatoka jasho kwa ndani nikasema maji yanapenya kutoka nje! Chupa ileile, nimekaa upande mwingine tu.

Na ukungu wenyewe hausubiri matone. Ukuta ukikaa siku kadhaa na unyevu wa asilimia 80 hivi pale juu yake, inatosha, na kwa chumba cha nyuzi 20 kilichojaa nusu hiyo inafika ukuta ukiwa kwenye nyuzi 12 na ushee. Kwa hiyo ukutani unaweza usione tone hata moja, ukapitisha mkono ukakuta pakavu, na kumbe shamba linaendelea. Nyuma ya kabati ndo pazuri kuliko pote maana joto la hita halifiki.

Na mimi nilikuwa namwaga mbolea. Chumba changu mita 12 za mraba, dari mita mbili na nusu, jumla mita 30 za ujazo. Zidisha na 17, hewa yote ya chumba ikijaa pomoni ina nusu lita tu ya maji. Stendi moja ya nguo zilizotoka kwenye mashine inaweza kuachia lita moja mpaka mbili. Hapo sijajihesabu mwenyewe, binadamu aliyelala anatoa gramu kama 40 kwa saa kwa kupumua na ngozi, wala sijataja maharage yangu ya masaa matatu yasiyofunikwa. Sasa yale maji yalikwenda wapi, wakati nguo zilikuwa zinakauka na mimi nafurahi?

Kuna kitu kingine nilikuwa sikielewi, kwamba jengo lenyewe ni la zamani, limesimama miaka na miaka, iweje ukungu uje kwangu mimi? Jibu lilikuwa kwenye dirisha, lilikuwa jipya. Dirisha la zamani la kioo kimoja ndo lilikuwa mahali pa baridi kuliko pote chumbani, maji yanamwagika pale unafuta na kitambaa, halafu lilikuwa linapitisha upepo kwenye fremu usiku kucha bila kuombwa. Ukiweka dirisha jipya la vioo viwili linalobana vizuri na ukuta ukauacha vilevile, kioo kinakuwa na joto kuliko kona ya ukuta, na upepo hakuna tena. Jasho linahamia ukutani ambako hakuna anayefuta. Ndo maana kule mikataba mingi ya kupanga ina kifungu cha kupitisha hewa, na ndo maana wapangaji na wenye nyumba wanafikishana mahakamani, maana si kila ukungu ni kosa la mpangaji. Kuna kuta zimejengwa vibaya, kuna mabomba yanavuja kweli. Wangu ulikuwa wa kwangu, nimekubali.

Kuhusu ile hoja ya joto, nayo ilinishinda. Kupasha hewa yote ya chumba changu kutoka sifuri hadi nyuzi 20 kunahitaji nguvu sawa na kuchemsha lita mbili za maji, chai ya watu wanne na kikombe cha kuongeza. Hewa ni nyepesi, haishiki joto la maana. Joto limekaa kwenye ukuta, kitanda, vitabu. Tofali kwa ujazo uleule linashika zaidi ya mara elfu moja. Ukifungua wazi dakika tano unabadilisha hewa, ukuta unabaki na moto wake kama jiko la mkaa uliotoka kuipua sufuria, unafunga na chumba kinarudi chenyewe. Kibaya ni kuliinamisha dirisha kidogo likae hivyo kutwa nzima, hapo hewa inabadilika polepole na ukuta wa pembeni unapoa mpaka unaota ukungu. Nilikuwa nafanya hivyo bafuni nikiamini nimepata njia ya kati.

Usidhani wao walizaliwa wanajua. Max von Pettenkofer, mkemia wa Munich, mwaka 1858 ndiye aliyependekeza kwamba hewa ya chumba ikifika sehemu moja kwa elfu ya kabonidioksaidi ujue imechoka, na namba hiyo inatumika mpaka leo. Mtu huyohuyo aliamini kuta za matofali zinapumua, zinapitisha hewa zenyewe, na wazo hilo likaishi muda mrefu mpaka vipimo vya baadaye vilipoonyesha kinachopita ukutani ni kidogo mno. Halafu mwaka 1892 akanywa mchuzi wenye bakteria wa kipindupindu kuthibitisha kwamba bakteria peke yake haitoshi kumwangusha mtu, akaponea. Nikimkumbuka huyu mzee aibu yangu ya kabati inapungua.

Kwenye afya niwe mwangalifu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilitoa mwongozo unaohusisha nyumba zenye unyevu na ukungu na pumu na matatizo ya kifua, ila halikuweka kiwango cha ukungu kwamba ukizidi hapa unaumwa. Na kwamba darasa likifunguliwa dirisha watoto wanafikiri vizuri zaidi, tafiti hazikubaliani. Mimi nilichokiona ni kwamba wanasinzia kidogo, lakini hiyo inaweza kuwa baridi tu imewaamsha.

Na msilibebe hili kuja nalo Dar au Mombasa. Huku nje kwenyewe ni basi kubwa lililojaa, nyuzi 30 kwa asilimia 75 ni gramu 23 kwa kila mita ya ujazo, ukifungua dirisha la chumba chenye AC unawakaribisha abiria wote kwenye kipanya. Maji yanayodondoka kutoka kwenye AC barabarani mpaka yanakulowesha shati ndo hao wameshushwa njiani.

Julai, kabla sijarudi, kulikuwa na joto la nyuzi 28, yule Mjerumani akashuka kwenye chumba cha chini tunakoweka baiskeli na viazi, akafungua kidirisha ili papate hewa. Kule chini nyuzi 15. Nikapiga hesabu kwenye ngazi, gramu 16 zinaingia mahali penye siti 13. Nikashuka nikafunga. Akaniuliza kwa nini nafunga, nikamwambia akae chini kwanza, kuna mambo ya daladala.